Vyuma Tulivyovirundika Katikati

Watu wanapenda kusema Wabelji walijua kujenga. Wajukuu wangu wanalisema hilo wakiwa wamekaa kwenye kiti changu, wanakula muhogo wangu. Mimi natafuna. Lakini silikubali, kwa sababu nilikuwamo ndani ya kujenga kwao, na ninalijua daraja moja kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare ambalo halikusimama kwa ujuzi wao. Linasimama kwa mikanda ya chuma iliyofungwa baadaye, na kwa mgongo wa baba yangu mdogo.

Nianze na kipoyi, mtanivumilia. Asiyejua kipoyi, heri yake. Ni kiti kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu. Muzungu anakaa juu kama jogoo juu ya kapu, na watu wanne wanaweka miti mabegani na kumbeba milima na mabonde. Mimi nilibeba, nikiwa kijana, upande wa Wamaza, kwa watu wa mama yangu. Muzungu wetu alikuwa mzito, Mungu amsamehe, alikula peke yake chakula cha kijiji. Siku moja tukishuka bondeni, mti wa kulia ukalia kaa! ukavunjika. Ulivunjika wapi? Katikati, chini ya makalio yake. Akatua kwenye matope na kofia yake. Unauliza kama tulicheka? Tulicheka miezi miwili baadaye, tena mlango umefungwa. Siku ile tulipigwa. Na wakati napigwa, bega langu lilikuwa linajifunza: mti unavunjika katikati. Boriti ya paa inalegea katikati. Kitanda cha bwana arusi kinakatika katikati. Nani hajui?

Likamateni hilo neno, katikati, nitalirudia.

Baba yangu mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Alikuwa fundi wa vyuma. Mtu mfupi, mkimya, aliyeswali vipindi vyote hata kazini, vidole vyake vigumu kama magamba ya kobe. Alinifundisha kupinda chuma, kukifunga kwa waya, kukikata bila kujikata. Kusoma hakunifundisha, yeye mwenyewe hakujua. Sisi watu wa dini, Waislamu wa pale Kasongo, shule ilikuwa mikononi mwa mapadri, na wazee walisema mtoto akienda kule atarudi na jina lingine. Waseme wanavyotaka wasemao, wazee walikuwa na sababu yao. Mimi niliishia nusu ya juzuu, mwalimu akafa, nikapewa jembe. Kwa hiyo karatasi ya muzungu ilikuwa kwangu kama mchanga uliochakurwa na kuku.

Sasa kazi yenyewe. Beto ni simenti, mchanga na mawe. Ukiikandamiza inavumilia kama punda, ukiivuta inapasuka kama chungu. Ndiyo maana ndani mnatiwa vyuma. Vile vinene na virefu vinalala chini ya boriti, mwisho hadi mwisho. Halafu vyembamba vinapindwa kama fremu ya dirisha dogo, vinavizunguka vile virefu, kimoja baada ya kimoja, kama mbavu. Hivyo vya kuzunguka tuliviita etriye. Ukiona mtu ana vidole vilivyopinda vyote upande mmoja, ujue amefunga etriye ujana wake wote.

Muzungu wa barabara, msimamizi wetu, ndiye aliyeshika karatasi ya mchoro. Aliikunja mfukoni, akatupa maneno tu. Siku moja baba mdogo alimuuliza, kwa adabu, kofia mkononi:

“Bwana, hizi etriye, juu ya nini huku zinabanana, na kule ziko mbalimbali?”

Akapigwa kofi. Mtu mwenye mvi. “Wewe iko mutu wa kufunga, haiko mutu wa kuuliza.”

Kofi lile nalisikia mpaka leo kwenye shavu langu mimi. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena. Kwenye kiwanja kile ungeweza kutukana, ungeweza kuzimia, lakini kuuliza “kwa nini” kulikuwa kama kutemea bendera mate.

Tulipofika kwenye boriti mbili za daraja, mama mkwe wa baba mdogo akafariki kule Lusangi. Aliomba ruhusa ya mazishi, akapewa siku tatu. Kabla ya kuondoka akanishika mkono. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, nina ndevu, lakini alinishika kama mtoto anayevuka maji.

“Fuata neno la muzungu. Etriye zibanane huku mwisho, karibu na ukuta wa kubebea boriti. Katikati ziachane. Usiongeze akili yako.”

“Nimesikia, baba.”

Nilisikia, ndiyo. Muzungu naye akasema vilevile, akaingia garini na bunduki yake, akaenda kutafuta nyati. Tukabaki na vyuma, mimi na mwenzangu mmoja wa kabila la Wazimba, tulimwita Mzimba tu, mtu wa mzaha aliyekuwa na jibu kwa kila kitu. Nikaitazama ile boriti ndefu ilivyolala ndani ya sanduku lake la mbao. Nikaona kipoyi.

“Ndugu,” nikamwambia, “kamyo ya pamba ikipita, uzito utakaa wapi?”

“Katikati. Utakaa wapi tena?”

“Na mti unavunjika wapi?”

“Unaniuliza mimi? Si wewe uliyemwangusha muzungu wa Wamaza?”

“Basi huyu amekosea. Anaweka nguvu pembeni, katikati anaacha tupu.”

Mzimba akatazama barabara kule gari lilikopotelea. “Amekunywa,” akasema. “Maskini. Tumusaidie.”

Tukamsaidia! Mungu wangu, tukamsaidia. Tulifungua waya siku nzima, tukazivuta etriye kutoka mwisho wa boriti zote mbili, tukazibananisha katikati mpaka kidole kilipita kwa shida. Kule karibu na ukuta tukaacha chache, kutoka moja hadi nyingine kama urefu wa mkono kutoka kiwiko. Hakuna hata moja iliyopotea. Tulikuwa na furaha. Mzimba aliimba. Nilijiona nina akili kuliko karatasi.

Asubuhi ya pili watu wa beto wakaja na karai zao. Muzungu alirudi na pembe za nyati, akasimamisha gari juu ya barabara, akatazama kutoka dirishani. Hakushuka. Andika hilo, mjukuu, wewe unayeniandikia maana mimi sijui kalamu: hakushuka garini. Angeshuka akainama mara moja tu, angeona. Alisema “Mimina!” akaondoka. Baba mdogo aliporudi kutoka matangani, beto ilikuwa imekwisha kufunika mbavu zote.

Msimu wa pamba ukafika. Mnaijua pamba? Hamuijui. Ninyi mnavaa tu. Kila mwanamume alipimiwa shamba lake la pamba, asiyelima alifungwa, na mihogo yake ikaota magugu. Makamyo, yaani malori, yakajazwa mpaka yakawa kama nyumba zinazotembea, yakapita juu ya daraja letu mchana kutwa. Aliyeona wa kwanza ni mama mmoja aliyelowekea mihogo pale chini. Akaja mpaka kambini na kapu kichwani.

“Ninyi mafundi, daraja lenu linafungua kinywa.”

Tukashuka. Ufa haukuwa katikati. Katikati palikuwa safi kama yai. Ufa ulianzia chini, karibu na ukuta unaobeba boriti, ukapanda kwa kulala, ukielekea juu na ndani, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Ncha ya kisu iliingia. Na ncha nyingine ya boriti hivyohivyo. Na boriti ya pili pia. Sikuelewa. Wallahi sikuelewa, nilisimama pale mdomo wazi kama huo ufa.

Muzungu wa barabara akaja, akaamuru tuchonge beto palepale kwenye ufa. Tukachonga. Etriye moja, halafu hakuna, halafu hakuna, halafu moja. Uso wake ukawa mwekundu.

“Wezi! Muliuzisha chuma yangu!”

Polisi wakaenda nyumbani kwa baba mdogo. Wakakuta nini? Kulabu moja juu ya jiko, kipande cha chuma chembamba kilichobaki, ambacho mama mdogo, mke wake, alitundikia samaki wa kukausha. Kulabu ya samaki! Wakaibeba kama bunduki iliyokamatwa. Baba mdogo akaomba tu wamsubiri amalize kuswali. Hawakumsubiri.

Akafungwa Kasongo. Alivalishwa nguo ya mistari, akakata majani mbele ya nyumba za wazungu, na asubuhi kulikuwa na fimbo. Nilimpelekea chakula pamoja na mama mdogo. Aliposogea kwenye ua wa waya alikuwa anatembea kama mwenye kubeba chungu kilichojaa, bila kuinama. Nikajua mgongo umechanika. Hakulalamika. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini:

“Mliuzia nani?”

Naye aliamini! Fundi wangu, baba yangu, alikuwa amepokea fimbo akiamini anafunika wizi wangu. Hakuwaambia kwamba alikuwa matangani. Kwetu kazi ni ya fundi. Mwanafunzi akikosea, jina ni la fundi.

“Hatukuuza, baba.”

“Basi viko wapi?”

Askari alikuwa karibu, anachokonoa meno. Ningesema: viko katikati, niliviweka mimi. Maneno manne, matano. Nikasema, “Sijui.”

Nimekuwa mzee, nimezika wengi, na hasira yangu yote kwa wazungu haijatosha kulifunika hilo “sijui”. Nalisema hapa ili mtu asije akanisifu msibani.

Likapita juma la kwanza, likapita la pili. Barabara ilifungwa, pamba ikalala mvuani. Hapo wakubwa wakashtuka. Mgongo wa mtu haukuwashtua, pamba iliwashtua. Wakamleta muzungu mwingine kutoka mbali, mzee, anachechemea, mwenye sigara isiyozimika. Yeye alikuwa wa kutengeneza vilivyoharibika. Siku ya kwanza hakumtukana mtu. Aliingia chini ya daraja na taa, akakaa huko mpaka tukadhani amelala. Akatuamuru tusimamishe magogo chini ya boriti, na jeki za kuzungusha, tuinue kidogo kidogo mpaka uzito uwatoke wagonjwa, yaani zile boriti. Akabandika vipande vyembamba vya kioo juu ya nyufa, kwa plasta. “Kioo ikipasuka, boriti inatembea. Kioo ikipona, imelala.” Nikaipenda kazi yake, na nikachukia kwamba naipenda.

Siku iliyofuata akatuita wote, mpaka mpishi wake. Muzungu wa barabara alisimama pembeni amekunja mikono. Mzee akachukua mche wa sabuni, ile ya kufulia, akapenyeza waya mbili ndefu upande wa chini. Akaulaza juu ya matofali mawili, kama daraja. Akaweka kipande cha mbao juu, akaegemea kwa kiganja.

“Itakatika wapi?”

“Katikati, Bwana,” nikasema mimi wa kwanza. Nilikuwa na uhakika kama wa jua.

Akaegemea zaidi. Katikati pakakaa, kwa sababu waya zilishika. Lakini pembeni, juu kidogo ya tofali, sabuni ikachanika. Ilichanika kwa kulala, kutoka tofalini kwenda juu na ndani. Ufa wetu. Mtoto wa ufa wetu, kwenye sabuni.

“Uzito unashuka, tofali inasukuma juu,” akasema, akisugua viganja viwili, kimoja kinapanda kingine kinashuka. “Katikati boriti inapindika, vyuma virefu vinaizuia. Huku mwisho inakatwa. Kama mukasi.”

Akachukua mche wa pili, waya zilezile, lakini huku mwisho akauzungushia uzi wa kushonea, duru baada ya duru, akakaza. Akaegemea kwa mkono, akaegemea kwa kiwiko. Haukuchanika.

Basi. Ni hivyo tu. Muda wa kuchemsha maji ya chai! Hakuhitaji shule ya mapadri, hakuhitaji Kifaransa, alihitaji sabuni mbili na uzi. Baba mdogo aliuliza swali hilohilo, kwa adabu, kofia mkononi, akajibiwa kwa kofi. Ikanipanda hasira, sikujua nimpige nani, muzungu wa barabara au mimi mwenyewe. Mzimba alinitazama, mara hii hana mzaha.

Nikasema, “Bwana mzee, vyuma havikuibiwa. Viko katikati.”

“Nani aliviweka?”

“Mimi.”

“Anasema uongo,” muzungu wa barabara akaingilia. “Anataka kutoa mwenzake gerezani. Katikati beto iko nzima, hatutaiharibu kwa maneno ya mwizi.”

Mzee akavuta sigara. Niliona anapima, kwa sababu ni kweli, mgonjwa mwenye jeraha haongezewi jeraha kwenye nyama nzima. Akaniambia, “Nikitoboa nikakosa, weye unaenda kukaa pamoja naye.”

“Nitaenda.”

Akanipa nyundo na tindo, nikachonga mwenyewe. Beto yetu ilikuwa ngumu, ilinikasirisha jinsi tulivyoichanganya vizuri. Vumbi likanijaa machoni. Nilisema moyoni, kama mle ndani hamna kitu basi nimerogwa. Tindo ikalia ting. Nikasafisha kwa kidole: etriye. Kidole kimoja pembeni, nyingine. Nyingine. Nyingine. Zimejipanga kama mbavu za mbuzi wa njaa.

“Zihesabu!” nikapiga kelele, nikasahau nasema na nani. “Njoo uinamie, uzihesabu! Leo ushuke!”

Muzungu wa barabara hakushuka hata siku hiyo. Alipanda garini. Mzee akasema, “Mjinga.” Sikujua anamsema nani, na nilikubali sehemu yangu.

Hakunifunga. Alisema gereza haliwezi kukaza vyuma, na yeye anahitaji mikono. Tukatengeneza. Tulitoboa sakafu ya daraja kwa tindo, tundu upande huu wa boriti na tundu upande ule. Chuma kinene kilichopindwa kama mkanda kikaingia kutoka chini, kikaikumbatia boriti, ncha zake mbili zikatokeza juu barabarani. Hapo bamba la chuma, hapo nati. Mikanda ilibanana huku mwisho, karibu na ukuta, ikaachana kuelekea katikati, kama karatasi ilivyosema tangu mwanzo. Nyufa tulizinywesha uji mwepesi wa simenti, tukangoja ukauke. Ndipo tukakaza, nati hii kidogo, ile kidogo, usimalize moja kwanza maana utaipinda boriti. Mzee aligonga mkanda kwa nyundo ndogo, akasikiliza. “Haiimbi bado. Kaza.” Nilikaza mpaka ikaimba, na kila nilipozungusha nilikuwa naona mgongo wa baba mdogo. Mwisho tukaivika mikanda koti la beto mpya, kutu isiile. Kamyo ya kwanza ilipopita na pamba yake, vioo vyote vilikaa vizima.

Na baba mdogo? Daraja lilipona kabla yake. Barua ya mzee, kwamba chuma hakikuibiwa, ilifika Kasongo, lakini mkubwa mwenye kutia sahihi alikuwa safarini Kabambare, kuangalia mashamba ya pamba. Barua ikamngoja juu ya meza. Baba mdogo aliendelea kupokea fimbo kwa wizi ambao kila mtu alijua haukuwapo. Siku walipomtoa walimrudishia kofia, wakamwambia, “Kesho kazi.” Hakuna aliyesema pole. Kulabu ya mama mdogo hawakuirudisha. Muzungu wa barabara alikwenda likizo kwao Ulaya, akarudi na cheo kikubwa zaidi.

Baba mdogo alifika nyumbani, akaoga, akaswali. Halafu akaniita. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, kipoyi, Mzimba, “sijui” ya kwenye waya. Nilingoja kofi, nililitamani. Akasema, “Nionyeshe hiyo sabuni.”

Nikachukua sabuni ya mama mdogo. Mama mdogo akalia, “Nguo zake za gerezani nitazifulia mate?” Baba mdogo akamnyamazisha kwa mkono. Nikafanya kama mzee alivyofanya: waya, matofali, mbao. Ikachanika pembeni. Akasema, “Tena.” Nikaikata nyingine, nikaifunga uzi mwisho. Ikashika. Akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye ule mchaniko wa kwanza, polepole, mara nyingi.

“Ni hii tu?” akauliza.

“Ni hii tu, baba.”

Sijawahi kumsikia akitukana kabla ya siku hiyo. Alitukana kwa Kiswahili, akatukana kwa lugha ya mama yake, akarusha sabuni ukutani, na alama yake ikakaa pale mpaka nyumba ilipobomolewa.

Kazini alirudi, maana hakukuwa na kurudi kwingine. Lakini daraja lile hakulikanyaga tena. Tulipofika pale, alishuka ukingoni, akavua suruali, akafunga nguo kichwani, akavuka kwa maji, masika na kiangazi, mtu mzima mwenye mvi, makamyo yanapita juu yake yanapiga honi. Madereva walimcheka. “Mzee, unaogopa litaanguka?” Hakujibu. Halikuwa la kuanguka, yeye alijua kuliko wao.

Na mimi? Mimi niliyeikaza kila nati ya daraja lile, ningepita juu vipi, yeye yuko majini? Nilivua, nikashuka nyuma yake. Miaka yote aliyobaki nayo nilivuka hivyo, maji kiunoni, namtazama mgongo.